Wawili Tu Kwenye Mlima Mkavu: Jibu kwa Msomaji wa Nyegezi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Nyegezi hapa Mwanza. Mwezi wa nane mimi na rafiki yangu tunataka kwenda Natron kupanda Ol Doinyo Lengai, wawili tu, bila kikundi. Mimi nakimbia kilomita 10 mara tatu kwa wiki. Mwenzangu ana miaka 34, ana mwili mkubwa kidogo na anatumia dawa ya presha, ila ana moyo kweli. Tumeambiwa kule ni jangwa na mlimani hakuna maji. Je, tunaweza? Tubebe maji kiasi gani, na tujiandae vipi tukiwa huku ziwani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mnaweza, na nimefurahi kwamba mnataka kwenda. Ila katika swali lako kuna mtu mmoja aliyenitia wasiwasi, na si mwenzako mwenye presha. Ni wewe unayekimbia kilomita 10. Yeye anajua mwili wake una mipaka, atakwenda kwa tahadhari. Wewe utatangulia. Na gizani, ukishamtangulia mwenzako hatua hamsini, unabaki na mwanga mdogo wa tochi unaochezacheza huko chini, hujui aliyeishika yuko katika hali gani. Jibu langu lote linazunguka hapo, hata nitakapokuwa nazungumzia maji na viatu.

Kwanza muujue mlima wenyewe. Ol Doinyo Lengai, ambalo kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu, una kimo cha takriban mita 2,962 na umesimama peke yake kusini mwa Ziwa Natron, wilayani Ngorongoro. Ni volkano hai. Ililipuka kwa nguvu mwaka 1917, ikarudia 1940 hadi 1941, tena 1966 hadi 1967, kisha 2007 hadi 2008. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya kaboneti za sodiamu na potasiamu, yaani, kwa lugha ya jikoni, ndugu wa karibu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Lava hiyo hutoka ikiwa na nyuzi joto 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya volkano nyingine, kwa hiyo mchana haing'ai kwa wekundu. Unaona kitu cheusi kama oili chafu kinatiririka, halafu kikishapata unyevu wa hewa kinageuka cheupe. Weupe huo ndio watu wengine wakiuona kwa mbali hudhani ni theluji.

Nimekueleza hayo kwa sababu ya usalama wenu. Lava nyeusi kule juu inaweza kuonekana imepoa na bado ikakuunguza mguu hadi mfupa. Tena, kabla ya 2007 watu walikuwa wakitembea ndani ya kreta, yaani lile shimo la kileleni, wengine hata wakilala humo. Mlipuko ule ulibadilisha kilele, ukaacha shimo refu lenye kuta za wima na ukingo unaomeguka. Mtu akikusimulia alivyopiga picha ndani ya kreta zamani, hasemi uongo, ila kilele anachokisimulia hakipo tena. Simameni pale mwongozaji anapowaambia msimame. Na mkihisi ardhi inatetemeka, au wenyeji wakisema siku hizo mlima hautabiriki, ahirisheni safari. Mwaka ule wa 2007 matetemeko yalianza Julai, mlipuko mkubwa ukaja Septemba.

Sasa hilo la jangwa. Kitaalamu ni nusu jangwa, lakini kwa mwili wa mtu wa ziwani tofauti ni ndogo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari. Natron iko kwenye mita 600 hivi, chini kabisa katika Bonde la Ufa. Kwa hiyo mkitoka Mwanza kwenda kupanda mlima, kwanza mnateremka kwenye shimo la joto. Hapa kwetu ukitembea saa nane mchana kutoka Mkolani hadi Nyegezi, shati linalowana mgongoni na unajua kabisa kuwa umetoka jasho. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Shati linabaki kavu, unadhani hujapoteza maji. Ukilivua jioni ndipo unakuta mistari myeupe ya chumvi kwenye kola na chini ya kwapa.

Halafu kuna jambo linalowachanganya hasa watu wa kwetu. Sisi tumezoea kwamba penye ziwa pana maji. Kule ziwa lipo mbele ya macho, pana, linang'aa, limejaa flamingo, na maji yake ni magadi matupu yanayochoma macho na kubabua ngozi yenye kidonda. Kijiji cha Engare Sero kina kijito cha maji baridi kinachotoka kwenye korongo. Mlimani hakuna hata tone.

Nikupe kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda mlima huohuo na rafiki yangu wa siku nyingi, mtu wa Ukerewe, anayeongea tangu anaamka mpaka analala. Tulifika kileleni salama. Tulipoanza kushuka, jua limeshapanda, akanyamaza. Nikasema moyoni, leo mlima umemtuliza, nikafurahia ule ukimya. Mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai makini sana, alimwuliza mara mbili kama yuko sawa. Mara zote mbili alijibu, "Niko sawa." Tukaendelea. Mimi nilikuwa mbele, hatua thelathini hivi.

Kisha nikasikia naitwa. Nilipogeuka nikamkuta amekaa kwenye majivu, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto mdogo. Akaniangalia, akaniuliza kwa upole, "Kivuko kimeshaondoka?" Alidhani tuko Kamanga. Midomo yake ilikuwa na utando mweupe, sikujua kama ni majivu au mate yaliyogandia. Nilimshika shingo, ilikuwa ya moto mkali. Nikafungua begi lake. Chupa zote tatu zilikuwa tupu, na kila moja ameifunga kifuniko vizuri. Baadaye alinieleza kwamba maji yalimwishia kabla hatujafika kileleni. Aliniona nakunywa kwa kujibana, akaona aibu kuniomba.

Yule kijana alivua shuka lake, tukalitandaza juu kama turubai, kwa sababu mteremko ule hauna mti wala jiwe la kukupa kivuli. Maji yaliyokuwa yamebaki tulimlowesha nayo kichwa, shingo na makwapa, tukampepea kwa kofia. Alipoanza kujua aliko ndipo tukampa anywe, funda moja moja. Tulimshusha tukimshika huku na huku, na kutoka mlimani alipelekwa moja kwa moja hospitali, safari ya saa nyingi. Alipona. Lakini dalili ya kwanza ilikuwa ule ukimya, na aliyeshindwa kuutambua ni mimi, ninayemfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwongozaji hakukosea. Alikuwa amemfahamu kwa siku moja tu, na kwake mtu mkimya ni mtu mkimya. Mtu aliyezidiwa na joto hawezi kujipima, kwa sababu kinachoharibika mapema ni akili yenyewe ya kujipimia. Atakwambia yuko sawa na ataamini anachosema. Anayeweza kumgundua ni yule anayejua anavyoongea, anavyotembea, anavyokasirika. Ndiyo maana kwenda wawili ni jambo zuri, mradi kila mmoja ajue kwamba kazi yake mlimani ni kumtazama mwenzake.

Kwa hiyo yeye atangulie, wewe ufuate. Mwongozaji mbele kabisa, mwenzako katikati, wewe nyuma, muda wote, kupanda na kushuka. Mwendo ni wake. Utaona kama unatambaa, na ni sawa. Kila baada ya saa moja mwulize swali linalohitaji kufikiri: jana tulikula wapi, kwenye basi ulikaa kiti namba ngapi. Hilo la "uko sawa?" liacheni, halina msaada. Na mnapopumzika, badilishaneni chupa, kila mmoja aishike ya mwenzake na kuona imebaki kiasi gani. Aibu ya kuomba maji inakwisha hapo hapo, kwa sababu hakuna anayeomba, kila mtu anakagua.

Makubaliano mengine yafanyikeni Nyegezi kabla hamjakata tiketi, kwa sababu mlimani nauli na pesa ya gari mliyokwisha kutoa itawasukuma muendelee. Mmoja akigeuka, wote wanageuka. Yeyote anaruhusiwa kusema "basi" bila kutoa sababu, na hatalaumiwa mlimani wala mkirudi nyumbani. Na saa 1 asubuhi ikifika, mnaanza kushuka, hata kama kilele mnakiona kwa macho. Kuna watakaokushauri mchukue waongozaji wawili ili mmoja wenu akichoka ashuke na wake, mwingine aendelee. Mkiweza kuwalipa wawili, wachukueni, watafaa kumsaidia mtu kushuka. Lakini msigawane. Nimekueleza ni kwa nini.

Saa hiyo ya kugeuka nimeipata kwa hesabu. Watu huanza kupanda kati ya saa 5 na saa 6 usiku ili wafike juu alfajiri, na kupanda huchukua saa 5 hadi 7. Kushuka ni saa 4 au 5 nyingine, magoti yakitetemeka. Mkiondoka juu saa 1, mtakuwa chini kabla jua halijafika utosini. Kila saa mnayoongeza kule kileleni mtailipa mkiwa kwenye mteremko wa majivu ya kijivu, yanayowarudishia joto kutoka chini.

Maji: lita 5 kwa kila mtu mlimani. Ni kilo 5 mgongoni, na mtanuna, lakini msipunguze. Lita 3 ni za kupandia. Lita 2 za kushukia zifungeni kwa utepe wa gundi ili zisiguswe kabla jua halijatoka. Tumieni chupa kadhaa badala ya moja kubwa, kwa sababu chupa moja ikipasuka kwenye mwamba imekwenda na maji yote. Ndani ya gari libaki dumu la lita 20. Kunyweni mafunda machache kila robo saa, msisubiri kiu. Ila msijilazimishe kunywa maji matupu lita baada ya lita. Jasho linaondoka na chumvi, na ukirudisha maji peke yake chumvi ya damu inashuka, unaumwa kichwa, unatapika, unachanganyikiwa, na watu wanakuongezea maji wakidhani ni kiu. Nunueni pakiti za ORS kwenye duka la dawa, kila mmoja abebe tatu, pakiti moja kwa lita moja ya maji. Mkizikosa, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe juu visirundikane, katika lita moja ya maji salama.

Chakula mnacho hapa hapa Usukumani. Bebeni viazi vitamu vilivyokaushwa, ila viwe matobolwa, si michembe, maana matobolwa yameshachemshwa kabla ya kuanikwa na unatafuna ukiwa unatembea. Yana nguvu, hayaozi, hayasagiki kwenye begi. Tena mimi nimeyageuza kuwa kipimo: tobolwa likianza kunikwama kooni na mate hayatoki, najua nimechelewa kunywa. Ongezeni karanga zenye chumvi.

Kuhusu presha ya mwenzako, aende kwa daktari wake akiwa na dawa zenyewe mkononi, amweleze kwamba atatembea kwa muda wa saa kumi na zaidi kwenye joto na ukavu. Baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kumfanya mtu akojoe zaidi, na mtu wa namna hiyo huishiwa maji mwilini mapema kuliko wewe. Daktari ndiye ataamua kama kuna la kurekebisha. Asijiachishe dawa mwenyewe kwa ajili ya safari. Na jambo ambalo watu wengi hawalijui: magoti yakiuma, msikimbilie diklofenaki au ibuprofeni mkiwa mmekaukiwa na maji, hasa yeye. Dawa hizo, ukavu wa mwili na dawa ya kukojosha vikikutana, figo zinaumia.

Mazoezi sasa. Mbio zako zinakusaidia mapafu, lakini mlima ule ni wa mapaja na vifundo vya miguu. Sehemu kubwa ya njia ni majivu na changarawe kwenye mteremko mkali. Unapiga hatua moja, unarudi nusu. Miamba ya Capri Point haitawafundisha hilo, kwa sababu jiwe letu linashika mguu. Nendeni kwenye mchanga wa ufukweni Luchelele mkatembee na begi lenye dumu la lita 5, saa nzima bila kusimama. Siku nyingine pandeni vilima vya Igogo au Bugarika na mzigo huohuo, na msiache kushuka kwa mguu, kwa sababu kinachovunja watu Lengai ni kushuka. Watazameni akina mama wa huko wanaopandisha ndoo kwenye mawe: hatua fupi, unyayo wote chini, hawaruki wala hawakimbii. Ndio mwendo ninaowafundisha watu, nimejifunza kwao. Wiki 8 zinatosha, mara tatu kwa wiki, mzigo ukiongezeka kidogo kidogo.

Viatu viwe vya kufunika kifundo, na viwe vikubwa kidogo, kwa sababu mkishuka vidole vinagonga mbele. Kwenye soko la Mlango Mmoja mtapata vya mitumba vizuri, ila kagueni soli isiwe imekauka. Fundi aishone na kuigundisha mkiwa bado hapa, isije ikabanduka kule. Kateni kucha siku mbili kabla. Majivu huingia kila mahali, hivyo kateni soksi ndefu za zamani, mzivishe juu ya mdomo wa kiatu. Chukueni glavu za kazi za duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu mtashika mawe makali. Barakoa kwa ajili ya vumbi. Fimbo mbili kila mmoja. Tochi ya kichwani na betri za akiba. Shati liwe la mikono mirefu. Na koti, ndiyo, koti: hewa kavu haishiki joto, usiku kileleni upepo unapiga na mnakuwa mmelowa jasho. Nimeona watu waliozimia kwa joto na watu waliotetemeka kwa baridi kwenye safari moja.

Kwa usafiri, pandeni basi la Arusha linalopita Shinyanga, Singida na Babati, mshuke Makuyuni, msifike Arusha mjini. Laleni Mto wa Mbu. Asubuhi kodini gari imara kupitia Engaruka hadi Engare Sero, zaidi ya kilomita 100 za vumbi na mawe, na njiani mtakutana na ushuru wa hapa na pale; ombeni stakabadhi kila mahali. Mwongozaji mchukueni kijijini Engare Sero, anayetambuliwa na wenyeji wenzake. Bila mwongozaji msipande, njia usiku haionekani.

Usiku wa kwanza msipande. Mtakuwa mmetoka kukaa kwenye basi siku nzima, miguu imevimba. Siku hiyo ya kupumzika nendeni mkaone nyayo za watu wa kale kwenye majivu yaliyoganda karibu na kijiji, zaidi ya 400, za watu waliopita hapo maelfu ya miaka iliyopita. Ukiinama utaona alama za vidole vya miguu, kimoja kimoja, na baadhi zinaonyesha kundi likitembea kuelekea upande mmoja. Jioni kaeni kwenye kijito, mnywe, mlale mapema. Mwezi wa nane ni kiangazi, na mkichagua siku za mbalamwezi itawasaidia.

Mwachie mtu mmoja nyumbani karatasi: mnapanda usiku gani, jina la mwongozaji, gari namba gani, na saa ngapi akikosa simu yenu aanze kuuliza. Mtandao kule unakamata na kupotea. Wavuvi wa Mwaloni hawaondoki bila mtu wa nchi kavu kujua wameelekea wapi, na ninyi mfanye vivyo hivyo.

Kabla ya yote hayo, nataka mfanye jaribio moja. Jumamosi moja ya mwezi wa saba, anzeni saa 6 usiku na kundi la watu wawili watatu mnaowaamini, mtembee hadi saa 3 asubuhi, vilima na mchanga, na mizigo yote ya safari. Wewe kaa nyuma. Mkimaliza, usimwulize mwenzako amebakiza maji kiasi gani. Mwombe begi, uishike chupa yake kwa mkono wako mwenyewe.